Kwa nini mpaka wa wilaya haulingani na mpaka wa jimbo la ubunge

Swali la msomaji: Nikitazama ramani za nchi mbalimbali naona mikoa, wilaya na kata, kisha naona majimbo ya uchaguzi ambayo mahali pengine yanafuata mipaka hiyo na mahali pengine yanaikata katikati. Kwa nini nchi isiwe na mgawanyo mmoja ukatumika kwa yote? Nani hasa anaamua mstari upite wapi? Na serikali inapoligawa eneo kubwa kuwa mawili, wananchi wanapata nini?

Ndugu msomaji, nianze na swali lako la kwanza, maana hayo mengine mawili yamo ndani yake.

Mistari hiyo inafanya kazi mbili, na kila kazi ina kipimo chake. Mpaka wa kiutawala unaeleza nani anawajibika: ubovu wa barabara hii upelekwe halmashauri gani, kesi ifunguliwe mahakama ipi, mtoto aandikishwe kwa msajili yupi, kodi ya jengo ilipwe wapi. Mpaka wa uchaguzi unaeleza uzito wa sauti: watu hawa wanamchagua mwakilishi mmoja, je, wako wangapi ukiwalinganisha na wale wa upande wa pili ambao nao wanamchagua mmoja? Mpaka wa kwanza hupimwa kwa umbali, jiografia na uwezo wa ofisi kuhudumia watu. Wa pili hupimwa kwa vichwa.

Tofauti hiyo hujitokeza zaidi miaka inapopita. Mpaka wa kiutawala ukikaa muda mrefu unazidi kufaa, kwa sababu hati za ardhi, daftari za kodi, orodha za shule na mazoea ya watu vyote vinajipanga kuufuata. Mpaka wa uchaguzi ukikaa muda mrefu unaharibika, hata kama siku ulipochorwa ulikuwa wa haki kabisa, kwa sababu watu wanahama, wanazaliana na wanafariki kwa kasi isiyolingana kutoka eneo hadi eneo. Mmoja unataka kutulia, mwingine unataka kusogezwa kila baada ya muda. Ukiufunga huu kwenye ule, mmoja wao lazima uumie, na karibu kila mgogoro wa mipaka ninaoujua unaanzia hapo.

Historia ina mifano miwili inayoonyesha jambo hili waziwazi. Ufaransa ilipofuta majimbo ya enzi za wafalme mwaka 1790 na kuunda departimenti 83, wachoraji walilenga kwamba mwananchi aweze kufika makao makuu ya eneo lake kwa mwendo wa farasi wa siku moja. Hicho ni kipimo cha utawala: umbali. Nyingi kati ya departimenti hizo, zilizopewa majina ya mito na milima ili uaminifu kwa watawala wa zamani ufifie, zipo mpaka leo na mipaka yake haijabadilika sana. Sasa vuka bahari uende Uingereza ya miaka hiyohiyo. Old Sarum, mahali palipokuwa na mji zama za kati na baadaye pakabaki kilima chenye magofu, palipeleka wabunge wawili London mpaka sheria ya mageuzi ya mwaka 1832. Manchester, mji wa viwanda uliokuwa ukifurika watu, haukuwa na mbunge wake hata mmoja. Hakuna aliyekaa akachora dhuluma hiyo. Watu walihama, mstari ukabaki pale pale.

Kabla sijaenda mbali, niondoe mkanganyiko mmoja. Maeneo ya kiutawala yenyewe si ya aina moja. Mkoa wa Tanzania ni mkono wa serikali kuu: mkuu wa mkoa anateuliwa na Rais, na mkoa hauna bunge wala kodi yake. Halmashauri zilizo ndani ya mkoa huo ni jambo jingine, zina madiwani waliochaguliwa na vyanzo vyao vya mapato. Nchini Kenya, tangu Katiba ya 2010, mistari ileile ya kaunti 47 imebeba ngazi mbili za serikali kwa pamoja: gavana aliyechaguliwa na wananchi, na kamishna wa kaunti anayetumwa na serikali ya kitaifa, akiwa na machifu chini yake. Ukienda Marekani utakuta sehemu za shirikisho zenye katiba, mahakama na mabunge yao, ambazo Washington haiwezi kuzifuta kwa amri. Kwa hiyo ukiona mstari kwenye ramani, uliza kwanza ndani yake nani anachaguliwa, nani anateuliwa na nani anakusanya fedha. Mistari miwili yenye unene sawa kwenye karatasi inaweza kutofautiana sana kisheria.

Turudi kwenye wazo lako la mgawanyo mmoja. Lipo, na kuna nchi zinazolitumia vizuri. Hispania imefanya mikoa yake 50 kuwa ndiyo majimbo ya uchaguzi, pamoja na miji ya Ceuta na Melilla. Kinachosogezwa huko si mstari, ni idadi ya viti: kati ya viti 350 vya bunge, kila mkoa unaanza na viwili, Ceuta na Melilla kimoja kimoja, na 248 vinavyobaki vinagawanywa kwa kufuata idadi ya watu. Faida yake ni kubwa, kwani hakuna mwanasiasa anayeweza kuupinda mpaka kwa ajili ya kura. Gharama yake nayo ionekane: mkoa mdogo kama Soria una viti vyake viwili hata watu wake wakizidi kupungua, hivyo kura moja ya Soria ina nguvu kuliko kura moja ya Madrid. Uholanzi imekwenda mbali zaidi, kwani viti vyote 150 vya baraza lake la wawakilishi vinagawanywa kwa kura za nchi nzima kana kwamba ni jimbo moja. Huko usawa wa kura unakaribia ukamilifu, lakini hakuna mbunge unayeweza kusema ni wa eneo lako. Afrika Kusini imechanganya: wabunge wake 400 wanatoka kwenye orodha za vyama, nyingine za kitaifa na nyingine za mikoa tisa.

Njia hizo zote zinategemea sharti moja, kwamba eneo moja lichague wabunge kadhaa. Penye mbunge mmoja kwa jimbo moja, kama ilivyo Tanzania, Kenya, Uganda, Uingereza na India, hakuna kiti cha kuongeza wala kupunguza bila kugusa mstari. Na hapo ndipo ndoa ya wilaya na jimbo inapoleta shida.

Tazama Uganda. Katiba yake inatoa kiti cha mbunge mwanamke kwa kila wilaya. Mwaka 1986 nchi ilikuwa na wilaya 33. Kufikia mwaka 2020 zilikuwa 135, bila kuihesabu Kampala. Bunge lililochaguliwa mwaka 2021 likawa na wabunge zaidi ya 500, na kati yao 146 ni wanawake wanaowakilisha wilaya na majiji. Nia ya viti hivyo ni njema na naiunga mkono kwa moyo wote, kwani imewaingiza bungeni wanawake ambao vyama visingewapa nafasi. Tatizo liko kwenye kifungo chenyewe. Kila wilaya mpya inapoundwa, kiti cha ubunge huzaliwa nayo, bila mtu kuuliza wilaya hiyo ina watu wangapi. Uamuzi wa kiutawala unageuka kuwa uamuzi wa uwakilishi, na anayetamani kiti ana kila sababu ya kudai wilaya.

Sasa tuingie kwenye hesabu yenyewe, maana watu wengi huizungumzia bila kuifanya. Nitatumia Kenya kwa sababu Katiba yake imeandika kanuni hii waziwazi kuliko katiba nyingi. Sensa ya 2009 ilihesabu watu milioni 38.6. Viti vya maeneo bunge, kama Kenya inavyoyaita majimbo ya ubunge, ni 290. Ukigawanya unapata wastani wa watu 133,138 kwa eneo bunge moja. Hakuna fundi wa ramani anayeweza kuchora maeneo 290 yenye idadi hiyo kamili, kwa hiyo Ibara ya 89 inaruhusu kupanda au kushuka kwa asilimia 30, na kwa asilimia 40 katika majiji na maeneo yenye watu wachache waliotawanyika. Kwa asilimia 30, eneo bunge halali linaweza kuwa na watu 93,000 hivi, au 173,000 hivi. Angalia vizuri: eneo la juu linakaribia mara mbili ya lile la chini, na bado Katiba haijavunjwa.

Hata hivyo hiyo ilikuwa nafuu kubwa. Kabla ya mapitio yaliyokamilika mwaka 2012, Embakasi jijini Nairobi ilikuwa na watu zaidi ya 900,000 na mbunge mmoja, ilhali Lamu Mashariki ilikuwa na watu wasiofika 20,000 na mbunge mmoja vilevile. Embakasi ikagawanywa kuwa maeneo bunge matano. Lamu Mashariki ikabaki ilivyo, kwa sababu Katiba yenyewe ilikataza mapitio yale ya kwanza kufuta eneo bunge lolote lililokuwapo, na maeneo mengine kadhaa yalinusurika kwa kinga hiyohiyo.

Je, kuilinda Lamu Mashariki ni kuwadhulumu watu wa Embakasi? Nimelifikiria sana jambo hili na sioni kwamba jibu ni ndiyo tu. Eneo lile ni la visiwa na nchi kavu inayopakana na Somalia, na mbunge anayelihudumia hawezi kulizunguka kama mwenzake wa Nairobi anavyozunguka mitaa yake kwa asubuhi moja. Uingereza, ambayo leo ni kali kuliko wengi, nayo husamehe visiwa. Katika mapitio yaliyokamilika mwaka 2023, kila jimbo lilitakiwa kuwa na wapiga kura wasiopungua wala kuzidi kwa asilimia 5 kutoka 73,393, lakini majimbo matano ya visiwani yalitajwa na sheria kwa majina kuwa nje ya kanuni hiyo. Tume ya Venice, chombo cha Baraza la Ulaya cha kushauri mambo ya katiba, katika mwongozo wake wa mwaka 2002, inashauri tofauti isizidi asilimia 10, na isivuke 15 ila kwa sababu maalumu. Msimamo wangu ni kwamba msamaha wa namna hiyo ni halali ukiwa umetajwa kwa jina, umepewa sababu inayoonekana, na ni wa maeneo machache. Msamaha unaotolewa kimyakimya kwa kuacha kupitia mipaka kwa miaka mingi ndio unaodhulumu.

Kuna swali jingine lililojificha ndani ya hesabu hiyo: nani anahesabiwa? Kenya na Marekani huhesabu wakazi wote, wakiwamo watoto na wasio raia. Uingereza huhesabu walioandikishwa kupiga kura. Tofauti hii si ndogo. Eneo lenye familia changa zenye watoto wengi hupata viti zaidi kwa hesabu ya wakazi. Eneo lenye wazee waliojiandikisha kwa bidii hufaidika kwa hesabu ya daftari la wapiga kura. Hoja ya kuhesabu wakazi ni kwamba mbunge anamwakilisha hata mtoto, ambaye ndiye anayehitaji shule na zahanati. Hoja ya kuhesabu wapiga kura ni usawa wa kura yenyewe. Mimi niko upande wa wakazi, kwa sababu daftari la wapiga kura huwaacha nje kwanza maskini, vijana na wanaohamahama, na ukichora mipaka kwa daftari hilo unawaacha nje mara ya pili.

Sasa swali lako la pili, la nani anaamua. Tanzania inaonyesha vizuri jinsi mikono inavyoweza kuwa miwili. Ibara ya 2 ya Katiba ya 1977 inampa Rais uwezo wa kuigawa Jamhuri ya Muungano katika mikoa, wilaya na maeneo mengineyo, kwa kufuata utaratibu wa sheria, na kwa kushauriana kwanza na Rais wa Zanzibar pale anapoigawa Zanzibar. Majimbo ya uchaguzi yako kwenye Ibara ya 75, na hayo huchunguzwa na Tume ya Uchaguzi angalau kila baada ya miaka kumi, ikizingatia idadi ya watu, njia za mawasiliano na hali ya kijiografia, kisha Rais hutoa kibali. Katika uchunguzi uliotangulia uchaguzi wa 2025, Tume iliongeza majimbo manane na jumla ikawa 272, kati ya hayo 50 yakiwa Zanzibar. Kwingine mkono ni mmoja wenye nguvu. Katika sehemu nyingi za Marekani ni bunge la jimbo la shirikisho, yaani wanasiasa wenyewe, linalochora majimbo ya uchaguzi, ingawa baadhi, kama Arizona, zimeikabidhi kazi hiyo kwa tume huru.

Ni hatari gani mwanasiasa kuchora? Hata akiheshimu usawa wa idadi kikamilifu, bado anaweza kuamua mshindi. Hesabu yake ni rahisi kiasi cha kutisha. Chukua wapiga kura 25, wa chama A wakiwa 15 na wa chama B wakiwa 10, na uwagawe katika majimbo matano ya watu watano watano. Ukiwatawanya ili kila jimbo liwe na A watatu na B wawili, chama A kinashinda majimbo yote matano. Sasa futa mistari uchore upya. Wakusanye A tisa na B mmoja kwenye majimbo mawili, kisha waliobaki, A sita na B tisa, uwagawe kwenye majimbo matatu yenye A wawili na B watatu kila moja. Chama B, chenye watu 10 kati ya 25, kimeshinda majimbo matatu kati ya matano. Watu ni walewale, hakuna kura iliyoibwa siku ya uchaguzi, na kila jimbo lina watu watano kamili.

Ujanja huo, unaoitwa kwa Kiingereza gerrymandering, ulipata jina lake kutokana na gavana wa Massachusetts, Elbridge Gerry, aliyetia sahihi ramani ya mwaka 1812 yenye jimbo moja lililojikunjakunja kama salamanda, mnyama mwenye umbo la mjusi. Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua katika miaka ya 1960 kwamba majimbo ya uchaguzi lazima yawe na idadi ya watu inayolingana, lakini mwaka 2019 ikaamua kwamba mahakama za shirikisho haziwezi kupima upendeleo wa kichama katika uchoraji. Usawa wa idadi ulishinda mahakamani, haki ya mchoro ikaachwa mikononi mwa wanasiasa na mahakama za majimbo ya shirikisho. Ndiyo maana nasisitiza kwamba swali la nani anachora lina uzito sawa na swali la watu wangapi.

Lakini hata tume huru haisaidii ikiwa haichori. India ni mfano wa mpaka uliogandishwa kwa makusudi. Mgao wa viti vya baraza lake la chini kati ya majimbo ya shirikisho, ambavyo leo ni 543, umesimama kwenye sensa ya mwaka 1971. Ulisimamishwa mwaka 1976, na mwaka 2001 usimamishaji huo ukaongezwa hadi sensa ya kwanza baada ya 2026. Sababu yake ina maana: majimbo ya kusini kama Kerala na Tamil Nadu yalipunguza kasi ya uzazi mapema, na kuyapokonya viti kwa ajili hiyo kungekuwa kuyaadhibu kwa kufanya ambacho serikali yenyewe ilikuwa ikikihimiza. Lakini mtu wa Uttar Pradesh au Bihar naye ana haki ya kuuliza kwa nini kura yake iwe nyepesi kwa nusu karne. Sioni suluhisho lisilomuumiza mtu hapo. Kadiri mpaka unavyocheleweshwa kupitiwa ndivyo mapitio yanavyozidi kuogopwa, na hofu hiyo nayo inazaa ucheleweshaji mwingine.

Kuna pia ukosefu wa usawa uliokubaliwa kwa mapatano, na huo usiuchanganye na dhuluma. Seneti ya Marekani ina maseneta wawili kwa kila sehemu ya shirikisho, na kwa sensa ya 2020 California ilikuwa na watu milioni 39.5 huku Wyoming ikiwa na chini ya 600,000. Seneti ya Kenya ina seneta mmoja wa kuchaguliwa kwa kila kaunti, iwe Nairobi yenye watu milioni 4.4 au Lamu yenye watu 144,000 hivi kwa sensa ya 2019. Zanzibar ina majimbo 50 kwa watu milioni 1.9 waliohesabiwa mwaka 2022, na Tanzania Bara majimbo 222 kwa watu karibu milioni 60. Katika mifano hii yote kinachowakilishwa si mtu mmoja mmoja peke yake, ni pia sehemu zilizoungana na zinazotaka kuhakikishiwa kwamba hazitamezwa. Tunaweza kubishana kama bei hiyo ni kubwa mno, lakini mapatano ya muungano hayarekebishwi kwa rula na kikokotoo.

Nifike kwenye swali lako la tatu. Eneo likigawanywa, wananchi wanapata nini?

Mara nyingine wanapata kitu halisi. Mkoa wa Katavi ulipotengwa na Rukwa mwaka 2012, mambo ya mkoa kwa watu wa Mpanda yalihamia palepale Mpanda badala ya kufuatwa Sumbawanga. Penye maeneo makubwa na barabara ngumu, ofisi kusogea ni nauli inayookolewa na siku za kazi zisizopotea. Lakini eneo jipya linaanza kwa kula kabla halijahudumia: majengo ya makao makuu, magari, mishahara ya wakuu wa idara, baraza lake. Fedha zilizokuwa za eneo moja sasa zinalipa ofisi mbili, na kama mapato ya ndani ni madogo, eneo jipya linabaki kuitegemea serikali kuu kwa kila kitu. Ofisi iliyo karibu isiyo na fedha wala mamlaka humfupishia mwananchi safari ya kwenda kuambiwa arudi kesho. Kisha kuna mambo ambayo hayasemwi siku ya uzinduzi: chanzo cha maji kibaki upande gani, soko la mnada liwe la nani, madeni ya halmashauri ya zamani yalipwe na nani. Migogoro ya namna hiyo huchukua miaka.

Mara nyingine mgawanyo haukulenga huduma tangu mwanzo. Nigeria ilianza uhuru mwaka 1960 ikiwa na kanda tatu. Mwezi Mei 1967, siku chache kabla ya kanda ya mashariki kujitangaza kuwa nchi huru ya Biafra, serikali ya kijeshi iliigawa nchi kuwa majimbo 12 ya shirikisho ili kuvunja nguvu za kanda hizo. Kufikia 1996 yalikuwa 36. Sudan Kusini ilitoka majimbo 10 hadi 28 mwaka 2015, kisha 32 mwaka 2017, na mwaka 2020 ikarudi 10 pamoja na maeneo matatu ya kiutawala, kama sehemu ya kutafuta amani. Idadi ya mistari iliyokuwa ikichorwa na kufutwa huko ilikuwa mizani ya madaraka kati ya viongozi, na wananchi ndio walioishi na matokeo yake.

Na zipo nchi zilizokwenda kinyume. Rwanda, mwaka 2006, ilipunguza wilaya zake kutoka 106 hadi 30 na kuwa na mikoa minne pamoja na jiji la Kigali, ili kila wilaya iwe na ukubwa wa kuweza kuajiri wataalamu. Burundi imetoka mikoa 18 hadi mitano, mgawanyo ulioanza kutumika mwaka 2025. Kuunganisha nako kuna maumivu yake, hasa kwa miji iliyopoteza hadhi ya makao makuu. Lakini inaonyesha kwamba kukata vipande vidogo zaidi si njia pekee ya kumfikia mwananchi. Kituo kidogo cha huduma cha wilaya kubwa yenye fedha kinaweza kumfaa kuliko wilaya nzima isiyo na fedha.

Kwa hiyo, ukisikia pendekezo la kugawa eneo lolote, ningekushauri ulitenganishe kwanza. Kama ni mpaka wa kiutawala, ulizia bajeti ya miaka mitano ya kwanza na mgawanyo wa mali na madeni. Kama ni mpaka wa uchaguzi, ulizia idadi ya watu ya kila kipande kipya ukiilinganisha na wastani wa nchi. Kama pendekezo linafanya yote mawili kwa pamoja, wasiwasi wako uongezeke kidogo, kwa sababu hoja ya huduma mara nyingi hubeba hoja ya kiti mgongoni.

Na usikae kimya wakati wa kukusanya maoni. Tume nyingi hutakiwa na sheria kupokea maoni ya umma kabla ya kupitisha mipaka, na vikao hivyo mara nyingi hujaa wanasiasa kuliko wananchi. Maoni yanayosaidia si yale ya kusema tunataka jimbo letu. Wachoraji hufanya kazi kwa maeneo madogo ya kuhesabia watu yaliyotumika kwenye sensa, wakiyaunganisha moja baada ya jingine mpaka wafikie idadi, na kwenye kompyuta zao mto usiovukika wakati wa mvua unaonekana kama mstari mwembamba tu. Wewe unaujua mto huo. Waandikie kwamba vijiji hivi vitatu vimewekwa ng'ambo, kwamba njia ya kwenda kituo cha kupigia kura inazunguka mlima, kwamba watu wa upande huu husoma, husali na kuuza mazao upande ule. Taja majina ya vijiji, idadi ya watu kwa sensa ya mwisho, na mstari mbadala unaopendekeza upite wapi bila kuvuka kiwango kinachoruhusiwa. Ukipunguza watu upande mmoja, onyesha watatoka wapi wa kufidia, maana hilo ndilo swali la kwanza tume italiuliza ikifungua barua yako.